Jina la Meme Rauna Tuliweke Wapi?

Meme Rauna Haindongo (meme ni mama kwa lugha ya kwao) anatuaga rasmi Ijumaa, tarehe 29 Agosti, akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika Kituo chetu cha Samaki wa Kina, hapa Lüderitz. Aliingia akiwa msaidizi wa maabara, akasoma huku anafanya kazi, akawa mtafiti, na kwa muda mrefu sasa ndiye mkuu wa kitengo cha papa wadogo. Hayo ndiyo mambo ambayo nina hakika nayo. Mengine yote nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena, na hata ninapoyapeleka kwa mpiga chapa sijui kama yatakuwa bado kweli siku ya sherehe.

Nijitambulishe kwa wasionijua. Mimi ni Gert Boois, mwendesha winchi wa meli yetu ya utafiti, Omuramba, ambayo aliyeipa jina la mto mkavu bado tunamtafuta. Kazi yangu ni kuteremsha wavu na kuupandisha, basi. Kuandika wasifu huu ilikuwa kazi ya Frieda Hoebes, anayerithi kiti cha Meme Rauna. Frieda alishauandika, tena kwa Kiswahili kinachonyooka kuliko changu, lakini Jumatatu iliyopita sehemu yake nzuri kuliko zote ilikufa kwa namna nitakayoieleza. Baada ya hapo akasema hawezi kuandika mwingine kwa sababu bado anabishana na mwenye wasifu. Mkurugenzi wetu, Bwana Tjivikua, akageuka akanitazama mimi.

"Boois, andika wewe. Wewe huna upande."

Ni kweli sina upande. Sina kwa sababu sielewi.

Kwa wenzetu wa ofisi za juu, ambao samaki wanamjua akishafika kwenye sahani, niseme kidogo kuhusu papa-taa. Msidhani ni yule papa wa kutisha. Huyu ukimlaza kwenye mkono anaanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye vidole. Ni mweusi, tumbo lake jeusi zaidi, ana macho makubwa ya kijani na mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni, na mwiba huo unachoma, naomba mniamini. Anaishi pale ambapo sakafu ya bahari inakatika na kuanza kuteremka gizani. Tumboni ana vitone vidogo vinavyotoa mwanga. Nilipoanza kazi nilidhani ni taa ya kuonea njia. Meme Rauna akanirekebisha: mwanga ule ni wa kujifichia. Samaki aliye chini akitazama juu anaona mwangaza hafifu wa maji, na papa-taa anawasha tumbo lake lifanane na mwangaza huo, asionekane kivuli. Mpaka leo nikifikiria kiumbe anayewasha taa ili asionekane, kichwa kinaniuma.

Shida ya papa-taa ni kwamba wako wa aina nyingi na wote wanafanana. Sisi wa sitahani tumewapa majina yetu. Kuna Kitambaa, mwenye ngozi laini, ambaye anapatikana hata kwenye ukingo wa juu. Kuna Msasa, ambaye ukimpapasa anakwaruza, na huyo hapandi, maskani yake ni kwenye mabonde ya chini kabisa. Kuna na wengine. Meme Rauna aliwatofautisha kwa meno, kwa ngozi, na kwa alama nyeusi iliyo ubavuni juu ya mapezi ya tumbo, lakini kabla ya yote hayo alikuwa na swali moja. Ukimletea samaki anauliza, "Umemtoa wapi?" Ukianza kumweleza jinsi alivyo, anakukatiza. "Sikukuuliza sura, mimi nina macho. Nimekuuliza anakaa wapi."

Swali hilo aliliuliza kwa watu pia. Mkurugenzi alipowasili kutoka Windhoek na suti yake, Meme Rauna alimsalimia vizuri, akamuuliza anakaa wapi, na aliposikia amepanga juu kilimani kwenye upepo akamwambia hatamaliza mwezi. Alihama kabla mwezi haujaisha.

Halafu kulikuwa na desturi yake ya giza. Papa-taa akipanda akiwa bado hai, Meme alikuwa anatuingiza sote kwenye chumba cha kuchambulia, anafunga mlango, anaziba dirisha kwa magunia na kuzima taa, tunasimama kimya kusubiri macho yazoee ili tuone tumbo likiwaka. Mpishi, fundi wa mitambo, mimi, wote tumebanana na harufu zetu. Daima kulikuwa na mtu wa kusema mara moja, "Naona! Naona!" Na Meme anamjibu gizani, "Wewe toka nje. Umeona upesi mno." Mimi nimesimama kwenye chumba hicho mara nyingi. Kuna siku nilidhani nimeona kitu cha buluu. Inawezekana pia nilikuwa nimejibonyeza jicho. Alipouliza nilisema sijui, na akanijibu kwamba katika meli nzima mimi peke yangu ndiye mwenye akili, sifa ambayo sijawahi kupewa na mtu mwingine yeyote, mke wangu akiwemo.

Sasa tuje kwenye kilichotuvuruga.

Msimu wa baridi wa mwaka juzi tulivuta wavu kwenye ukingo wa juu, mita mia tatu hivi, na katikati ya samaki weupe wanaolisha mji huu akatokea papa-taa mmoja, jike, mdogo. Ngozi ilikwaruza kama ya Msasa. Lakini Msasa hakai pale. Na alama yake ya ubavuni ilikuwa na mkia mfupi kidogo kuliko ya Msasa. Meme Rauna alimshika, akamgeuza, akamgeuza tena, akapima ile alama kwa kidole. Alimtia kwenye chupa ya spiriti akampeleka maabara, akakaa naye miezi.

Mwishowe Frieda, mkurugenzi na wataalamu wa nje walioletewa vipimo walifikia jambo moja: huyu si Msasa. Huyu ni papa-taa ambaye hajapata kuandikwa popote duniani. Kwa taratibu za wasomi mtu hampi samaki jina lake mwenyewe, kwa hiyo Frieda ndiye aliyeandika makala, na Frieda ndiye aliyeamua papa huyo aitwe kwa jina la Rauna. Meme alikataa. Wakamsihi. Akakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Sisi tunaomfahamu tulijua amefurahi, kwa sababu siku hiyo alileta kantini sufuria zima la uji mzito wa mawele na kuku wa kwao, akakaa na sisi mpaka sufuria likawa tupu.

Hapo lazima nieleze desturi yetu nyingine, maana ndiyo inayonihusu. Kwenye chumba cha nahodha kuna ramani ya kazi, ile kubwa iliyochakaa. Mtu wa kituo hiki akistaafu, tunampa kipande cha sakafu ya bahari. Mwendesha winchi anapendekeza, mabaharia wanakubali au wanazomea, na jina linaandikwa. Babu yetu, Oupa Isak Frederik, alipewa mawe yaliyokula nyavu zake mbili asubuhi moja. Mpishi wetu wa zamani, dada yetu Ousie Sarafina, alipewa tope laini lisilo na mwisho, na wanaokumbuka uji wake hawahitaji maelezo. Tunasema kabisa, "Leo tunavuta kwa Sarafina," na kila mtu anajua avae nini. Kwa Meme Rauna sikuandaa kipande. Nilisema moyoni, mtu anapewa papa mzima, jina lake litasomwa na watu wa nchi zote, kipande cha tope cha nini?

Nikaona badala yake nichangie sherehe kwa picha. Nilikuwa nayo moja nzuri ya siku ile ya papa: Meme Rauna amesimama sitahani anacheka, mimi nyuma yake nimetoa ulimi, na wavu umeviringwa kwenye pipa kubwa la winchi. Nikaipeleka dukani mjini ikakuzwa ikawa na ukubwa wa mlango. Jumatatu tukaitundika kantini.

Meme aliingia kunywa chai. Akaiangalia, akacheka, akasema ulimi wangu umekuzwa bila sababu. Kisha akasogea. Akavaa miwani. Akasogea zaidi, mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Boois, hii picha ilipigwa asubuhi au mchana?"

Nikamwambia asubuhi, kabla hatujateremsha wavu. Ninajua kwa sababu nimevaa ovaroli ya njano, na mchana ule ule nilianguka kwenye kreti la samaki nikabadilisha. Kantini nzima ilicheka kwa kukumbuka. Yeye hakucheka. Alinyanyua kijiko chake cha chai akagusa mahali fulani kwenye wavu. Pale, kati ya macho ya wavu, palikuwa na kitu kinaning'inia, chembamba, kirefu. Ulikuwa mkia wa mkia-panya.

Wenzetu wa ofisi za juu, subirini. Mkia-panya ni samaki wa chini sana. Hapandi kwenye mita mia tatu hata kwa kubembelezwa. Jana yake tulikuwa tumevuta kwenye mabonde ya kina, na wavu ukiacha samaki wamenasa kwenye macho yake, lazima utikiswe na kukaguliwa kabla haujateremshwa kwingine, la sivyo samaki wa jana wanaanguka kati ya samaki wa leo na unawahesabu kama majirani. Asubuhi ile upepo wa kusini ulikuwa unaamka. Nahodha aliuliza kama tutikise wavu kwanza. Meme Rauna ndiye aliyesema, mbele yetu sote, "Teremsha tu, tutausafisha ukipanda."

Akakirudisha kijiko kwenye kikombe.

"Basi," akasema. "Huyu papa alipewa lifti."

Hakuna aliyejua kama ni wakati wa kucheka. Mimi nilianza, nikaacha. Meme alimaliza chai yake yote, akaosha kikombe, akapanda kwa mkurugenzi akamwomba makala isipelekwe na jina lake litolewe.

Ubishi uliofuata ulifanyika kwenye korido, mbele ya mlango wa stoo yangu, kwa hiyo sikusikiliza kwa makusudi. Frieda alikuwa karibu kulia.

"Meme, mkia mmoja wa samaki haufuti alama ya ubavuni!"

"Haufuti, mwanangu. Unafuta kina. Na kina ndicho kilichotufanya tuitazame hiyo alama kwa hamu."

"Kwa hiyo ni Msasa?"

"Sijui."

"Siyo Msasa?"

"Sijui. Amelala usiku mzima amebanwa kwenye kamba, amekauka, amekunjamana. Mkia wa alama ukiwa mfupi, ni wake au ni wa kamba? Mpaka apatikane mwingine, sijui."

"Meme, unastaafu Ijumaa!"

"Ndiyo maana nasema leo."

Frieda aliniona, akaniuliza mimi ninaonaje. Nilisema na mimi sijui. Akaniambia Boois hiyo si saa ya mzaha. Sikuwa na mzaha hata kidogo. Nilikuwa nimesimama pale na ufagio, nikiona miezi ya kazi ya Frieda inayeyuka na sifa ya Meme inayeyuka nayo, na anayeiyeyusha ni Meme mwenyewe, tena kwa hiari, na uso wake umetulia kuliko wangu. Nilimkasirikia. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Nilijiuliza, mama huyu angekosa nini kama angeivaa miwani Jumatatu ijayo, akiwa kwao?

Jioni alikuja stoo kurudisha buti zake. Nikamuuliza kama haoni uchungu. Alikaa juu ya kamba zilizoviringwa.

"Jina si kitu, Boois. Nilishaitwa Rauna kabla ya huyo papa. Linaloniuma ni jingine. Miaka yote nawauliza nyinyi, umemtoa wapi, umemtoa wapi. Na huyu mmoja nikampa nyumba isiyo yake."

Nikamwambia basi tumrudishe kwenye nyumba yake, tuandike tu bonde alilotoka. Akatikisa kichwa. Siku ile ya kina tulivuta mara tatu, mabonde matatu tofauti, na wavu haukutikiswa sawasawa baada ya hata moja. Inawezekana ni la kwanza, la pili, la tatu. Yeye hajui, mimi sijui, na papa yuko kwenye chupa, hasemi. Alikuwa na machozi, nami nikajifanya natafuta kitu rafuni.

Ndipo nikakumbuka kwamba sasa hana papa wala hana kipande cha bahari, na mwenye kumtafutia kipande ni mimi.

Jumanne niliwaita mabaharia mbele ya ramani. Sijapata kuona kikao kilichovurugika vile. Mmoja akasema tumpe pale kwenye mita mia tatu, tulipompata papa. Akazomewa: papa hakutoka pale, ndiyo kesi yenyewe. Mwingine akasema tumpe mabonde yote matatu. Akazomewa zaidi, maana hata Oupa Isak alipewa mawe tu. Fundi wa mitambo akapendekeza apewe kantini, alipoonea huo mkia, na wengine wakaanza kukubali, mpaka mtu akauliza nani ameona kantini kwenye ramani ya bahari. Nahodha akasema tukimaliza tumwamshe.

Mimi nilikuwa natazama chini ya ramani. Waya wa winchi yangu unaishia mita elfu moja na mia mbili. Nimeuteremsha wote mara kadhaa na pipa likabaki tupu linazunguka. Baada ya hapo mteremko unaendelea kushuka, na kwenye ramani yetu sehemu hiyo ni karatasi nyeupe. Hatujavuta, hatujaweka jina. Wako papa-taa huko, hilo Meme alituambia siku nyingi, kwa sababu majike wenye mimba tunawakosa na lazima wanakaa mahali. Nikaweka kidole hapo. Nikasema, "Tumpe hapa. Tusipopajua."

Hakuna aliyezomea. Nahodha alileta kalamu mwenyewe.

Tulimwita aje aone. Alivaa miwani, akainama, akasoma jina lake kwenye eneo jeupe lisilo na alama hata moja. Akauliza, "Na wavu utafikaje huku?" Nikamjibu, "Haufiki, Meme. Waya wangu ni mfupi." Akanipiga begani, kwa nguvu, na safari hii hakuficha machozi yake.

Jumatano tulitoka kujaribu mitambo, safari fupi tu. Nahodha akaniambia teremsha. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye usukani wa winchi, lakini haukwenda. Nikamsikia mtu nyuma ya sitaha anapaza sauti, "Je, Rauna?" Na wote wakashika wavu wakautikisa jicho kwa jicho. Akaanguka samaki mmoja, mdogo, mkavu, wa safari ambayo hakuna anayeikumbuka. Kuanzia sasa wavu hauteremki kabla swali hilo halijaulizwa, na sidhani kama litaacha kuulizwa mimi nikiwa kwenye winchi.

Kuhusu sherehe: itakuwa kantini, baada ya chakula cha mchana. Picha itabaki ukutani kwa ombi la Meme, ulimi wangu na mkia wa samaki vyote vikiwemo. Keki ilishaokwa na ina papa juu yake pamoja na maneno "Papa wa Rauna." Mpishi aliuliza ayafute au ayaache. Mkurugenzi akasema ayafute, Frieda akasema ayaache, na hatimaye mpishi ameongeza alama kubwa ya kuuliza kwa sukari nyeupe. Frieda ndiye atakayeikata. Chupa yenye papa atakabidhiwa yeye, na kwenye karatasi ya chupa, pale pa kuandikwa makao, Meme Rauna ameacha wazi. Frieda ameshaniambia nijiandae, anataka twende kwenye yale mabonde matatu mara tu zamu yetu itakapofika. Bado hajamsamehe Meme. Lakini juzi nilimkuta ameketi naye, wanakula maandazi kutoka kwenye mfuko mmoja, wanabishana.

Meme Rauna anarudi kaskazini, Okalongo, kwenye shamba la mawele la kaka yake, mbali kabisa na maji ya chumvi. Anasema anataka kuona mvua, kitu ambacho sisi wa hapa tunakisikia kwenye redio. Nina hakika kila kanga atakayeingia shambani ataulizwa anakaa wapi.

Meme, kwa niaba ya Kituo, ya mabaharia wa Omuramba, na ya mkono wangu huu wa winchi, tunakushukuru. Ukifika kwenu wakakuuliza kama ni kweli kuna papa mwenye jina lako huku baharini, wajibu unavyojua kujibu. Sisi huku tutaendelea kutojua, kwa uangalifu, kama ulivyotufundisha. Uende salama, upate mvua za kutosha, na usizeeke upesi, maana siku nikipewa waya mrefu nitakuita uje uangalie.